Nukta Moja ni Watu Wangapi?

Swali lililo katika kichwa cha makala haya laonekana kuwa swali la hesabu, na mwanafunzi wa darasa la tano angeweza kulijibu iwapo angepewa ufunguo wa ramani. Nia yangu ni kuonyesha kwamba ni swali la maadili pia, na kwamba sisi walimu wa Kiswahili, ambao kwa desturi tumewaachia wenzetu wa hisabati na jiografia mambo ya namna hii, tuna sehemu yetu katika kulijibu. Nitazungumza juu ya michoro ya takwimu ya siku hizi, ile inayofunguliwa katika kompyuta na simu, ambayo mtazamaji huigusa nayo ikamjibu: akigusa wilaya, huona idadi ya watu wake; akichagua mwaka, mistari hupanda au kushuka; akitaka wanawake peke yao, wanaume hutoweka. Nitaiita michoro ya majibizano, na sababu ya kulichagua neno hilo itaonekana mbele.

Mfano wangu nautoa hapa tulipo. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, katika Wilaya ya Isingiro, jirani na jiji la Mbarara, ni miongoni mwa makazi makongwe kabisa ya aina yake barani Afrika. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya watu waliokimbia Rwanda, na leo yana watu zaidi ya laki moja kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia, Eritrea na kwingineko. Watu hawa huhesabiwa kuliko watu wengine wote ninaowafahamu. Mkulima wa ndizi wa Isingiro huhesabiwa na serikali mara moja katika miaka kumi hivi. Katika Uganda sensa za karibuni zilikuwa za 2002, 2014 na 2024. Jirani yake mkimbizi huhesabiwa anapovuka mpaka, anapopewa kiwanja, anapopokea chakula au fedha ya chakula, na mtoto wake anapozaliwa. Kisha idadi hizo huchapishwa katika michoro ya majibizano, ambayo mtu yeyote aliye Geneva au Nairobi aweza kuifungua na kuigusa akiwa ameketi kitini pake.

Wako wasemao kwamba kumgeuza mtu kuwa nukta ni kumvunjia heshima, kwa kuwa nukta haina jina, wala ukoo, wala njaa. Hoja hii ina mvuto, na mara nyingi husemwa na watu wema. Mimi siikubali. Katika makazi ya wakimbizi asiyekuwamo katika hesabu hamo katika mgao, na kijiji kisichoonekana katika ramani hakichimbiwi kisima. Mwaka 1854, kipindupindu kilipowaua watu wa mtaa wa Soho katika London, daktari John Snow alichora ramani ambamo kila aliyekufa aliwekewa kistari cheusi penye nyumba yake. Vistari vikarundikana karibu na bomba la maji la Broad Street, na macho yakaweza kuona yale ambayo Snow alikuwa akiyadai kwa maneno, kwamba ugonjwa huo huenezwa na maji. Kistari kimoja kilikuwa mtu mmoja, na sioni aliyedharauliwa kwa kuwekewa kistari. Tena mwaka 1900, katika maonyesho makubwa ya Paris, W. E. B. Du Bois, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Atlanta, alipeleka michoro ya rangi aliyoichora kwa mkono pamoja na wanafunzi wake, ikionyesha ardhi, shule, kazi na idadi ya Wamarekani weusi miaka 35 hivi baada ya utumwa kukomeshwa. Hapo waliohesabiwa walikuwa ndio wachoraji, na sidhani kwamba kuna mfano bora kuliko huo kwa mwalimu.

Basi ubaya, kama upo, hatutaupata katika nukta yenyewe. Hapana budi tuutafute katika uhusiano wa watu watatu: aliyehesabiwa, aliyechora, na anayetazama.

Tuanze na majina, maana ndiyo kazi yetu. Neno takwimu tulilipata kwa Waarabu, ambao kwao taqwim ni kalenda. Neno data, ambalo sasa limeenea, lina asili ya Kilatini, na maana yake ni vitu vilivyotolewa. Mtu aliyesimama katika foleni tangu alfajiri, akaweka vidole vyake kwenye mashine kwa kuwa asipoviweka hatapata posho, je, ametoa au ametolewa? Mwaka 2008, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Kenya, Wakenya kadhaa na wenzao walitengeneza ramani katika intaneti ambamo watu waliweza kupeleka habari za fujo walizoziona, na kila habari ikawekwa mahali pake. Ramani hiyo waliiita Ushahidi. Naliona jina hilo kuwa bora kuliko yote niliyoyataja, kwa sababu ushahidi hauji bila shahidi, na shahidi ni mtu: aweza kuulizwa tena, aweza kukana, aweza kusema, "Hivi sivyo nilivyosema."

Na neno mkimbizi lenyewe je? Kiambishi tamati chake humtaja mtenda kwa tendo lake, kama mlezi au mwokozi. Mtu aliyekimbia mara moja tu, tuseme mwaka 1996, bado huitwa kwa kitendo hicho hata sasa, na wanawe waliozaliwa Nakivale, ambao hawajakimbia popote, nao huitwa hivyo hivyo. Sisemi kwamba tulitupe neno hilo. Nasema kwamba anayeandika maneno ya ufunguo wa mchoro anaandika hukumu ndogo, na hapana awezaye kuligusa neno hilo likabadilika.

Sasa nije kwenye majibizano. Katika ushairi wetu, tangu enzi za Muyaka wa Mombasa na washindani wake wa Lamu, kujibizana kuna adabu yake: anayejibu huufuata mkondo wa aliyemwanza, na mwulizaji yuko huru kuuliza alitakalo. Mchoro haujibizani hivyo. Hujibu maswali yale tu ambayo mwenye kuutengeneza ameruhusu yaulizwe. Akiweka vitufe vitatu, cha nchi, cha umri na cha jinsia, basi dunia nzima itauliza habari za nchi, umri na jinsia. Kama hapana kitufe cha miaka ambayo mtu amekaa, hapana atakayeuliza ni wangapi walizaliwa hapa. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wale wadaio kwamba mchoro wa namna hii humwondolea mchoraji lawama kwa kuwa mtazamaji amejichagulia mwenyewe. Mgeni akichagua kati ya vyakula viwili ulivyompikia, aliyepanga karamu ni wewe.

Zaidi ya hayo, watazamaji wengi hawagusi kitu. Hufungua, hutazama ile sura ya kwanza, huenda zao. Kwa hiyo shauri la kwanza ninalowapa vijana ni kuitengeneza sura ya kwanza kana kwamba vitufe havipo: kichwa cha habari kiseme jambo zima, tarehe ya hesabu ionekane, na jibu la "nukta moja ni watu wangapi" liandikwe juu ya mchoro wenyewe. Kilichofichwa nyuma ya mguso ni kama tanbihi; husomwa na wachache. Marehemu Hans Rosling, daktari wa Sweden aliyewahi kufanya kazi Nacala katika Msumbiji, alisifika duniani tangu 2006 kwa mapovu yake yaliyosafiri kutoka mwaka hadi mwaka, kila povu nchi moja. Lakini alikuwa amesimama pale pale akisimulia, kijiti mkononi. Povu lisilo na msimulizi hupita tu.

Mfano wa sura ya kwanza yenye hatari tunao hapa Uganda. Mwaka 2018 hesabu ya wakimbizi wote wa nchi hii ilikuwa imefika milioni 1.4 hivi. Kukazuka shaka kwamba baadhi ya majina hayakuwa na watu, na katika mwaka huo huo Ofisi ya Waziri Mkuu pamoja na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa wakahakiki watu mmoja mmoja kwa alama za vidole na mboni za macho. Kufikia Oktoba hesabu ilikuwa milioni 1.1 hivi. Baadaye ilipanda tena, hata mwaka 2023 ikapita milioni 1.5. Uchore mstari huo bila maneno, na mtazamaji wa mbali atasema kwamba watu laki tatu walirudi makwao, na atauliza kwa nini basi fedha zisipunguzwe. Ndani ya pengo hilo huweza kuwamo jina lililoandikwa mara mbili, mtu aliyehamia mjini Mbarara, jina la uongo, na hata mgonjwa ambaye siku ile hakuweza kufika. Mstari hauwezi kuwatenganisha. Dawa yake kiufundi ni rahisi: mstari ukatwe mahali pale, vipande viwili vipewe rangi mbili, na maneno "hapa namna ya kuhesabu ilibadilika" yaandikwe penye mkato, yaonekane bila kuguswa. Dawa ni rahisi, lakini yahitaji mchoraji akubali kuuharibu uzuri wa mstari wake.

Kwa miaka kadhaa nimefundisha Kiswahili nyakati za jioni kwa vijana wa Nakivale. Baadhi yao wamejifunza kompyuta, wakataka kuchora hali ya visima na mabomba ya vijiji vyao. Waliponiletea kazi yao hawakutaka nikague hesabu. Walitaka nikague Kiswahili, na hapo ndipo nilipojifunza jinsi sarufi inavyoweza kuukwamisha mchoro. Programu nyingi za kuchora zilibuniwa na watu ambao lugha zao zinaridhika kuongeza herufi moja mwishoni ili kuonyesha wingi. Huiagiza mashine ishike idadi, iibandike mbele ya jina, basi. Kwetu haiwezekani. Kisima 1 kimeharibika, visima 4 vimeharibika. Bomba 1 limeharibika, mabomba 4 yameharibika. Mashine 1 imeharibika, mashine 4 zimeharibika. Ukibandika vipande, utapata "4 kisima imeharibika", na msomaji atajua mara moja kwamba aliyeandika hakuwa akimwandikia yeye. Ushauri wangu ulikuwa waache kabisa kuunganisha vipande. Kwa kila kitu watakachokihesabu waweke katika jedwali sentensi mbili kamili, moja ya umoja na moja ya wingi, wakiacha nafasi ya tarakimu peke yake. Kazi huongezeka kidogo, lakini ngeli zote husalimika.

Wakaongeza sentensi ya tatu, na hii ilikuwa fikira yao wenyewe: "Hakuna habari." Maana mashine huandika sifuri mahali palipokosa habari, na "visima 0 vimeharibika" ni habari njema, ilhali ukweli waweza kuwa kwamba hapana aliyekwenda kutazama. Sifuri na kutojua visipakwe rangi moja. Kosa hili nimeliona katika ramani nyingi za watu wenye elimu kubwa kuliko ya vijana hawa.

Kisha likaja suala la msamiati. Vijana wa Bukavu na Uvira husema robine, kitabu chasema bomba, nao akina mama wachotao maji ndio watakaosoma. Tukaandika yote mawili. Ikaja na saa: walichora foleni ya maji kwa saa za mchana, mashine ikaandika 7 mahali ambapo kila mtu husema saa 1 asubuhi. Mchoro uliomwambia mama kwamba foleni hupungua "saa 7" ungempeleka bombani jua la utosi. Tukabadilisha majina ya saa, tukaongeza neno asubuhi, mchana au jioni kila mahali. Na kwa kuwa simu haina kipanya cha kuelea juu ya kitu, kila maelezo yaliwekwa yafunguke kwa kidole, na nukta zikakuzwa ili kidole cha mtu mzima kisiguse tatu kwa pamoja.

Siku ya kuionyesha, mama mmoja mzaliwa wa Fizi aliitazama ramani katika simu ya mwanawe, akaniuliza, "Mwalimu, na mimi niko wapi humu?" Kijana akajibu, "Mama, kila nukta ni nyumba 50." Mama akasema, "Basi nionyesheni hizo 49, nijue nimefungwa pamoja na nani." Watu wakacheka. Lakini swali lake lina pande mbili, na vijana walibishana juu yake muda mrefu. Upande mmoja alitaka kujiona, na hiyo ni haki yake. Upande wa pili, lau ramani ingeweza kumwonyesha yeye, ingeweza kumwonyesha kwa kila mtu.

Hapa ndipo mchoro wa majibizano unapozidi kwa hatari ule wa karatasi. Mtazamaji huchagua kijiji, akachagua nchi, akachagua umri, akachagua jinsia, na ghafla mchoro wajibu: 1. Huyo si takwimu tena. Ni bibi fulani, na nyumba yake yajulikana. Wenye ujuzi huficha kila idadi iliyo chini ya 10, tuseme, lakini kuficha peke yake hakutoshi. Jumla ikiwa 41, na vijiji vingine vikaonyesha 38, mwenye kujua kutoa atapata 3 iliyofichwa. Lazima namba ya pili ifichwe nayo, au vijiji viunganishwe. Tena kuna jambo wasilolijua wengi: michoro mingi ya namna hii hulipeleka jedwali lote katika simu ya mtazamaji, kisha humwonyesha sehemu tu. Anayejua kufunua hulisoma lote. Kwa hiyo majumlisho yafanywe kabla jedwali halijatoka kwa mwenyewe, na majina yasiingie humo hata kwa bahati mbaya. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu yadai hadhari ya namna hiyo, lakini hata bila sheria sababu zipo.

Nazo si za kubuni. Katika Rwanda, Wabelgiji walitoa vitambulisho vya kabila katika miaka ya 1930, safu moja tu katika kadi. Mwaka 1994 safu hiyo ilisomwa vizuizini, na iliamua nani apite na nani auawe. Wako Nakivale waliopita. Mwaka 2021 shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba habari za Warohingya zilizokusanywa na shirika la wakimbizi katika Bangladesh zilifikishwa kwa serikali ya Myanmar, ile ile waliyoikimbia, bila wao kutoa ridhaa iliyo wazi. Kijana mmoja alipopendekeza kitufe cha kabila katika ramani ya maji, wenzake wawili walikataa kabla sijasema neno. Sikuona haja ya kuongeza somo. Kisima hakiulizi kabila la mchotaji, na safu isiyohitajika kwa swali lililopo isikusanywe.

Nisieleweke kwamba kugusa ni hatari tupu. Nina mfano ambapo naliona kuwa wajibu. Mwaka 2023 fedha zilipopungua, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu kwa kadiri ya uhitaji: wahitaji zaidi wapate asilimia 60 ya posho kamili, wa kati asilimia 30, na waliohesabiwa kuwa wanajiweza wasipate. Siingii katika ubishi wa fedha. Natazama mpaka wenyewe. Kila mpaka wa namna hiyo huweka nyumba mbili zinazofanana pande mbili za mstari, na ramani ya rangi tatu huzionyesha kana kwamba kati yao kuna bonde. Ningependa afisa anayepanga mpaka apewe mchoro ambamo anaweza kuuvuta mpaka huo kwa kidole, huku na huku, na kila avutapo aone kwa tarakimu ni nyumba ngapi zimetoka katika mgao na ngapi zimeingia. Hapo kugusa kungekuwa na uzito, kwa kuwa kungemfanya mtu aone kazi ya mkono wake kabla hajatia sahihi. Na rangi zisiwe nyekundu na kijani, maana miongoni mwa wanaume wako wasiozipambanua. Na zisiwe na sifa za kulaumu, kama ile desturi ya kumpaka rangi ya hatari mtu ambaye kosa lake ni kuwa na njaa.

Linabaki suala la nani auone mchoro. Ukiwa mzito, simu ya bei nafuu haiufungui, na mwenye simu hulipia kila kipimo cha intaneti akitazama duara linalozunguka. Vijana walipunguza picha za nyuma, wakaacha nukta na majina, na mchoro ukafunguka hata penye mtandao hafifu. Kisha wakaunakili wote kwa kalamu za rangi juu ya karatasi ya manila, wakaitundika karibu na bomba. Manila haijibu ikiguswa, ila ina sifa moja ambayo simu haina: anayepita aweza kuandika juu yake. Wiki ya kwanza mtu alikata kisima kimoja kwa mstari na kuandika pembeni "kimekauka tangu Juni". Mwingine aliongeza bomba lililosahauliwa, akalichorea na mshale.

Kijana mmoja aliniuliza kama maandishi hayo ya watu wasiojulikana yaweza kuhesabiwa kuwa takwimu. Nikamwambia aende akakitazame kisima, kisha aliandike jambo hilo katika safu ya mwisho ya jedwali, pamoja na tarehe, na kando yake aandike: "Imesemwa na wachotaji."